Waandika Namba wa Heathrow

Kilichowatoa kitandani alfajiri kilikuwa namba. Katika miaka ya 1950, wavulana wa Uingereza, na wanaume wazima pia, walipanda basi hadi kiwanja cha ndege cha Heathrow, London, wakiwa na daftari, penseli, chupa ya chai na vipande vya mkate vilivyofungwa kwenye karatasi. Walisimama kutwa upepo ukiwachapa, wakisubiri kusoma herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege na chini ya bawa. Ndege za Uingereza herufi zake huanza na G, za Ufaransa na F, za Marekani na N. Ikipita moja, mtu anaandika, anainua tena darubini.

Jioni ndipo kazi yenyewe ilipofanyika. Mezani kulifunguliwa kitabu kidogo chenye orodha ya ndege za kiraia, ikawekwa rula, na kila namba iliyoonekana siku hiyo ikapigiwa mstari chini yake. Rula ilikuwa lazima. Mstari uliopinda ulimwaibisha mwenye kitabu mbele ya wenzake, kwa sababu kitabu hicho kilipitishwa mkono kwa mkono, kikakaguliwa na kuonewa wivu. Mwaka ukigeuka linatoka toleo jipya, na mistari yote inahamishwa upya, ukurasa kwa ukurasa. Jioni kadhaa za baridi ziliishia hapo.

Mwanzilishi wa vitabu hivyo ni Ian Allan, kijana aliyekuwa mfanyakazi wa ofisini katika shirika la reli la Southern. Mwaka 1942, vita ikiwa imepamba moto, alitoa kijitabu cha namba za vichwa vya treni, kikagombewa. Mwaka 1950 kampuni yake ikafanya hivyohivyo kwa ndege za kiraia. Wateja walikuwepo tayari, maana vita ilikuwa imewafundisha raia kutazama juu. Tangu 1941 lilikuwepo jarida lililoitwa The Aeroplane Spotter, lililowazoesha watu kuitambua ndege kwa umbo lake tu, ya adui au ya kwao. Jarida hilo lilikoma mwaka 1948. Wasomaji wake hawakukubali kutawanyika, na mwaka huohuo ikazaliwa jumuiya ya Air-Britain, ambayo ipo hadi leo.

Hawa watu wana sheria zao, na nyingi kati ya hizo hakuna aliyeziandika. Ya kwanza haina mjadala: usipige mstari chini ya ndege usiyoiona kwa macho yako. Rafiki yako kuiona hakukusaidii, hata kama ulikuwa umesimama ubavuni kwake ukafungua chupa ya chai kwa wakati mbaya. Ndege ikiwa ndani ya banda na mlango umefungwa, haihesabiwi, ingawa kila mtu anajua imo. Herufi ya mwisho ikizibwa na gari la mafuta, unasubiri gari liondoke, na lisipoondoka unarudi nyumbani na herufi nne. Kukisia ni mwiko. Ubishi huanza kwenye mambo ya pembeni: je, kiwiliwili cha ndege iliyokwisha kung'olewa mabawa na injini bado ni ndege? Wapo wanaoipigia mstari bila wasiwasi, na wapo wanaoona hiyo ni ulafi. Nimependa kwamba hapana hakimu. Hakuna zawadi, hakuna anayehakiki ulichokiona, mtu angeweza kupiga mistari kitabu kizima akiwa sebuleni kwake. Lakini akishajulikana kuwa hudanganya, hapewi tena habari ya ndege ngeni inayotarajiwa kesho, na asiyepewa habari hana kikundi.

Baraza lao kubwa lilikuwa juu ya paa la Queen's Building pale Heathrow, jengo lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1955. Watu walilipa kiingilio, wakapanda, wakaona kiwanja chote chini yao. Kulikuwa na Constellation yenye mikia mitatu, Stratocruiser yenye tumbo la ghorofa mbili, na Viscount za kwenda miji ya karibu. Injini za pangaboi zilipowashwa zilikohoa moshi mweupe, zikatetemesha ndege nzima kabla ya kukubali. Wazee wa leo wakizungumzia enzi hizo husimulia zaidi sauti na harufu ya mafuta kuliko kitu kingine, na hapo ndipo daftari zao zinapopungukiwa, kwa sababu hakuna safu ya harufu.

Za jeti nazo zilikuwa zimekwisha kuanza kuja. Tarehe 2 Mei 1952, Comet ya shirika la BOAC, namba G-ALYP, ilibeba abiria kutoka London hadi Johannesburg, ikitua njiani Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Hiyo ndiyo iliyofungua huduma ya kawaida ya abiria kwa ndege ya jeti duniani. Januari 1954 ndege hiyohiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu wote 35 waliokuwamo. Katika vitabu vilivyofuata namba yake haikuwepo tena. Aliyekuwa ameipigia mstari alibaki na kitabu chake cha zamani, nacho hakitupwi.

Waliomudu kamera walijiwekea masharti mengine magumu zaidi. Filamu iliyosifiwa ilikuwa Kodachrome ya slaidi, yenye rangi zisizochuja lakini iliyotaka jua la kutosha, jambo ambalo London haina kwa wingi. Jua liwe mgongoni mwa mpiga picha. Ndege ipigwe ubavu, kuanzia pua hadi mkia, bila kukatwa hata ncha ya bawa. Namba isomeke. Kisha kwenye fremu ya karatasi inayoshika slaidi, kwa maandishi madogo kama ya mkufunzi wa hesabu, viandikwe namba ya usajili, mahali na tarehe. Ndege ngeni ikitua, mtu hakupiga picha moja, alipiga nne au tano zinazofanana, kwa sababu slaidi halisi ndiyo iliyokuwa fedha yao: unabaki na moja, nyingine unazituma kwa posta kwa mwenzako wa Amsterdam au Zurich, naye anakuletea zake. Nakala ya slaidi ilidharauliwa.

Na mtu asiingie kwenye picha. Fundi akipita mbele ya gurudumu, picha imeharibika. Hapa ndipo ninapowaona kuwa watu wa ajabu, nikikumbuka picha za ndege zilizomo kwenye albamu za kwetu. Embakasi, kiwanja kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1958, familia nzima zilikodi basi kumsindikiza mtoto anayekwenda kusoma ng'ambo. Picha ilipigwa watu wamejipanga kwa suti na kitenge, bibi katikati, na ndege nyuma yao ni kipande tu cha bawa au ngazi. Namba yake haionekani, wala hakuna aliyeitafuta. Sisi tulipiga picha ya anayeondoka. Waingereza wale walipiga picha ya chombo kilichokuja kumchukua, na leo ukitaka kujua alipanda ndege gani, itabidi uweke picha zote mbili pamoja.

East African Airways iliwapendeza mno watu hawa, kwa sababu ambayo abiria wake wengi hawakuitambua. Shirika hilo lilianza mwaka 1946 kwa ndege 6 ndogo za Dragon Rapide, na lilikuwa mali ya nchi zetu za Afrika Mashariki kwa ubia. Mwaka 1960 lilipata Comet mbili, VP-KPJ na VP-KPK, kisha ya tatu, VP-KRL, zote kwa alama ya Kenya ya kikoloni. Baada ya uhuru zikagawanywa: ya kwanza ikawa 5X-AAO ya Uganda, ya pili 5H-AAF ya Tanzania, ya tatu 5Y-AAA ya Kenya. Vivyo hivyo kwa ndege tano za Super VC10 zilizopokewa kati ya 1966 na 1970: 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Shirika moja, mapambo yaleyale, na usajili wa nchi tatu. Kwa mwandika namba hiyo ni karamu.

Shirika lilipokufa mwaka 1977, VC10 zilizobaki zilikuwa nne, kwani 5X-UVA ilikuwa imeteketea Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 iliposhindwa kuruka, wakafa watu 43. Hizo nne zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kijeshi za kujazia nyingine mafuta angani, zikapewa namba mpya kuanzia ZA147 hadi ZA150. Kwetu habari zake ziliishia hapo. Kwao hazikuisha, kwa sababu wana desturi nyingine: ndege hufuatwa kwa namba ya kiwandani, ambayo haibadiliki hata ikiuzwa mara kumi. Kwa hiyo tarehe 25 Septemba 2013, ZA147 ilipotua kiwanja cha Bruntingthorpe, Uingereza, katika safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani, walijua kwamba iliyotua ni 5H-MMT. Na ZA150, iliyokwenda kupumzika kiwanja cha Dunsfold, Uingereza pia, siku moja kabla, ni 5H-MOG, VC10 ya mwisho kutengenezwa.

Si kila mahali utamaduni huu unaeleweka. Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi 2 walikamatwa Ugiriki, mjini Kalamata, kwa tuhuma za ujasusi baada ya kuonekana kwenye maonyesho ya ndege za kijeshi na daftari zao. Mwaka uliofuata walihukumiwa, kisha wakafutiwa hatia kwenye rufaa. Yaonekana mahakama ya kwanza ilishindwa kuamini kwamba mtu mzima anaweza kusafiri hadi nchi nyingine akaandike namba, basi.

Paa la Queen's Building halipo tena. Jengo lilibomolewa. Mwaka 2009 Kodak iliacha kutengeneza Kodachrome. Wapiga picha wenyewe ni wazee sana sasa, na masanduku yao ya slaidi yanawafikia watoto wasiojua kutofautisha Viscount na Vanguard. Mengine huuzwa rejareja, slaidi moja moja, na hapo fremu iliyoandikwa tarehe na mahali ndiyo inayopata bei; isiyoandikwa inatiwa kwenye fungu la bure. Mengine hukabidhiwa Air-Britain, ambayo ina hazina kubwa ya picha. Mwanafunzi wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam atakayetaka kuandika historia ya shirika letu la ndege, na kuona 5Y-ADA ilivyokuwa siku ilipokuwa mpya, mimi ningemshauri aanzie kwa wazee hao, na aende upesi.