Bomba Jipya Lipite Ukutani

Mabomba ya nyumba za zamani hapa Makiso, Kisangani, ni ya chuma kilichopakwa zinki; sisi mafundi tunayaita galva. Yaliwekwa mji ukiwa bado unaitwa Stanleyville, yakazikwa chini ya sakafu za saruji ambazo nyingi ni nzima hadi leo. Chuma kile kilikuwa kizuri. Lakini galva huhesabiwa miaka 40 au 50, na nyumba hizo zimevuka umri huo zamani. Mwenye nyumba akiniita nizibe tundu moja, najua kabla sijafungua begi langu kwamba tundu hilo lina ndugu zake.

Ubaya huanzia kwenye hesi. Ili kuunga bomba, fundi huchonga hesi kwenye ncha, na pale anapochonga zinki inaondoka na chuma kinabaki chembamba. Tena mito yetu ya msituni, kama Tshopo, ina maji yenye chokaa kidogo na asidi kiasi, na maji ya namna hiyo hula chuma. Kutu huvimba kwa ndani na kubana njia. Ukiona asubuhi robine inatoa maji mekundu, halafu yanatoka membamba kuliko mwaka jana, usingoje sakafu ilowe.

Mama mmoja aliniuliza: “Papa fundi, maji yenyewe hayatoki kila siku. Hilo tundu linanipotezea nini?” Nikamjibu: “Mama, siku maji yasipotoka ndipo tundu lina hatari zaidi.” Bomba likijaa maji yenye nguvu, uchafu hauingii, kwa sababu maji yanasukuma kwenda nje. Umeme ukikatika na pampu zikisimama, nguvu hiyo inakwisha, na bomba linaweza kunyonya maji ya udongo ulio pembeni. Kwenye parseli nyingi za kwetu, udongo huo uko hatua chache tu kutoka shimo la choo. Wenye umri wangu tunakumbuka Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katikati ya mji: umeme ulikatika, maji yakakatika, watu wakateka mtoni. Na mwaka 2011 kipindupindu kilipiga hapa Kisangani, kikashuka na mto hadi Kinshasa. Kwa hiyo bomba linalovuja silitazami kama jambo la bili peke yake.

Hata hivyo bili nayo ipo. Funga robine zote, utazame mita. Sindano ikizunguka, maji yanatoka mahali. Tundu linalojaza kikombe cha robo lita kwa dakika moja linamwaga lita 360 kwa siku, yaani bidoni 18 za lita 20. Kama mita imetulia lakini njia ya nje imelowa, huenda bomba linavuja kabla ya mita, na hapo ni kazi ya Regideso, shirika la maji.

Watu huanza na mpira wa ndani wa baiskeli. Hapa kwenye toleka nyingi, yaani baiskeli za kubeba abiria, mpira haukosekani. Ukifungwa kwa nguvu na waya juu ya tundu dogo, unaweza kukusogeza siku kadhaa. Kolye ya chuma yenye bolti ni bora zaidi, ila inahitaji chuma kizima cha kushika. Kutu ikiwa imekwisha kula bomba, ukikaza bolti unalivunja. Saruji iliyopakwa juu ya tundu haizuii chochote. Kukata kipande kibovu na kuweka kipya kwa unioni ni kazi halali pale bomba linapoonekana na sehemu nyingine bado ni nzima. Bomba lililozikwa nalikatalia, hata mteja akasirike. Utavunja sakafu nzuri leo jikoni, na baada ya miezi utaivunja tena bafuni.

Mimi nashauri kuliacha bomba la chini na kupitisha jipya ukutani, mahali macho yanapoliona. Bomba la plastiki la PPR linaunganishwa kwa pasi yenye joto la nyuzi 260 hivi na linadumu sana, lakini pasi inataka umeme, nao kwetu hauna ahadi. La plastiki ya PVC linataka gundi tu. Angalia liwe limeandikwa PN 10 au PN 16, yaani kipimo cha msukumo linaoustahimili, maana lile jembamba la maji machafu halistahimili msukumo. Liunge likiwa kavu, liachwe siku nzima kabla ya kufungulia maji. Bomba jeusi la polietilini linafungwa kwa rakori za kukaza kwa mkono na ufunguo, bila umeme wala gundi, nalo ndilo ninalolipenda kwa njia ya kutoka mita hadi nyumbani. PVC na PPR zikipita juani zipakwe rangi au zifunikwe. Kama fedha haitoshi, anza na jikoni na bafu, vyumba vingine vitafuata.

Bomba la zamani likatwe pale lilipoungana na jipya, lizibwe kwa kizibo cha hesi, lisiachwe kuwa tawi lenye maji yaliyolala. Kisha fungulia robine ya mwisho kabisa, maji yakimbie hadi yawe meupe, ndipo ujaze sufuria.