Mafunzo ya kazi yanapofika kwenye simu ya mama

Katika mkutano wetu wa Kadutu tuliuliza swali moja: nani kati yetu amewahi kuitwa kwenda kusomea kazi yake mbali na nyumbani, akakataa? Mikono saba iliinuka.

Mmoja ni mzalisha. Alitajwa kwenda Goma siku tano wakati mtoto wake ana miezi minne. Boti usiku kucha, kulala chumba kimoja na wengine, na nani atamnyonyesha mtoto? Nafasi ikaenda kwa mwenzake mwanaume ambaye huonekana mara chache sana kwenye chumba cha kuzalishia. Huyo alirudi na cheti, na baadaye akapandishwa cheo. Tunasema hivyo bila wivu, au tuseme wivu kidogo tu.

Sasa mzalisha huyo anajifunza kwa simu. Anatumia Safe Delivery App, programu ya bure iliyotengenezwa Denmark kwa ajili ya wazalisha na wauguzi, na ipo kwa Kifaransa. Ukishaipakua mara moja, video zake unazitazama hata bila intaneti. Kwetu, ambako mtandao huja na kwenda kama mgeni, hilo si jambo dogo.

Video anayoirudia zaidi ni ya mtoto aliyezaliwa asilie. Umkaushe, umpatie joto, umsugue mgongo. Kama bado hapumui, dakika ya kwanza isipite kabla hujaanza kumpulizia hewa kwa ambu. Ameitazama mara sita. «Kwenye seminari,» alituambia, «nani atathubutu kumuomba mwalimu arudie mara sita mbele ya watu?» Tulicheka, maana kila mmoja aliwahi kutikisa kichwa kama aliyeelewa kumbe hakuelewa.

Mikono haifundishwi na simu, hilo tulikubaliana. Kushika kile kinyago vizuri juu ya uso wa mtoto kunataka mazoezi. Kwa hiyo yeye na wenzake wawili hufanya mazoezi na mwanasesere, kabla zamu haijaanza. Anayekosea anasahihishwa na mwenzake palepale.

Lakini kuna kitu kilichotuumiza. Mwenzetu mwingine, karani katika kampuni moja hapa mjini, aliambiwa asomee kompyuta mpya kwa simu, «kwa kuwa ni rahisi, unasoma hata nyumbani». Kampuni haikulipa boti, chakula wala kitanda. Megabaiti alinunua yeye, kwa franka za mboga. Masomo alianza saa tatu usiku, vyombo vikishaoshwa, umeme ukiwepo. Alisinzia, akashindwa mtihani, akaitwa mvivu.

Hapo faida ya mafunzo ya simu imekwenda kwa nani? Wamama, tusipokee simu na kunyamaza. Mafunzo ya kazi ni kazi. Tuombe saa yake ndani ya masaa ya kazi, na megabaiti zilipwe na aliyetutuma kusoma. Bado atakuwa ametumia pesa kidogo kuliko safari. Na anayenyonyesha asikubali kusomea ndani ya mapumziko yake: sheria ya kazi ya 2002 inampa nusu saa mara mbili kwa siku, na hiyo ni ya mtoto. Ni vizuri kuomba mkiwa wawili au watatu, si mmoja. Karani wetu alikwenda na wenzake wawili, wakapewa saa moja kila Jumanne na Alhamisi. Megabaiti bado wanadai.

Kwa wanaoanza, Jumamosi saa nane mchana tutakuwa ukumbini kwetu. Wasichana wetu wa sekondari watasaidia kupakua programu, na paneli ya jua itachaji simu kumi kwa wakati mmoja. Watoto waje, kuna mkeka. Kila mmoja alete waya wake, maana mara iliyopita waya mbili zilipotea na hadi leo hazijarudi.