Vielelezo vya Madini ya Jangwani: Hazina Isiyopaswa Kufika Kwenye Karasha

Katika Jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, yapo maeneo ambayo wastani wa mvua kwa mwaka haufiki milimita moja. Ukame huo, unaomshinda mkulima na mfugaji, ndio ulioifanya migodi ya huko kuwa chimbuko la vielelezo adimu vya madini vinavyotafutwa na makumbusho na wakusanyaji duniani kote.

Kielelezo cha madini si kito. Kito hukatwa na kung'arishwa, ilhali kielelezo huthaminiwa kikiwa kama kilivyotoka ardhini: umbo la fuwele zake, rangi, mng'ao, na kipande cha mwamba ambamo fuwele hizo ziliota. Ncha moja ikivunjika, sehemu kubwa ya thamani yake hupotea.

Mbale za shaba, fedha na risasi zilizo chini sana ardhini kwa kawaida huwa zimeungana na salfa. Tabaka la juu linapofikiwa na hewa pamoja na maji kidogo, mbale hizo hubadilika taratibu na kuzaa madini mapya yenye rangi kali. Katika nchi zenye mvua nyingi, baadhi ya madini hayo huyeyuka na kuchukuliwa na maji. Atacama hubaki mahali pake. Ndivyo ilivyo kwa atakamiti, madini ya kijani ya shaba yaliyopewa jina la jangwa lenyewe, na kopiapiti ya njano, iliyopewa jina la mji wa Copiapó. Hata mrututu, ambao wakulima wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu kama dawa ya ukungu wa mimea, huonekana huko ukiwa umejiunda wenyewe kwenye miamba.

Mfano ulio maarufu zaidi ni mgodi wa Chañarcillo, karibu na Copiapó, uliogunduliwa na Juan Godoy mwaka 1832. Mgodi huo ulitoa fedha nyingi, na pamoja nayo fuwele nyekundu kama damu za prustiti, muungano wa fedha, aseniki na salfa. Kwa mchimbaji wa wakati ule, fuwele hizo zilikuwa fedha tu, na fedha huyeyushwa. Zilizonusurika zinahesabiwa miongoni mwa vielelezo bora vya aina hiyo duniani, na baadhi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia Asilia jijini London. Hata hivyo, prustiti huwa nyeusi inapopigwa na mwanga, hivyo hulazimika kutunzwa gizani. Ni hazina ya ajabu kidogo, kwani kadiri inavyotazamwa ndivyo inavyoharibika.

Kutoa kielelezo mgodini ni kazi ya subira. Uwazi wenye fuwele ukionekana, baruti husimamishwa na mwamba unaozunguka hukatwa kwa patasi au msumeno, mbali na fuwele zenyewe. Kipande hufungwa kwa karatasi laini au pamba. Madini yanayoyeyuka hayaoshwi kwa maji. Hupulizwa vumbi au kusuguliwa kwa brashi nyororo. Mnunuzi naye hana budi kuwa macho, kwa sababu fuwele za mrututu huoteshwa kwa urahisi ndani ya chombo cha maji na kuuzwa kana kwamba zimetoka mgodini.

Jambo linalopuuzwa mara nyingi ni lebo. Jina la mgodi, kina na tarehe vikikosekana, jiwe hubaki pambo, na mwanasayansi hana la kufanya nalo. Umuhimu wa kumbukumbu hizo umeonekana hata nchini Tanzania: mwaka 2016 wanasayansi walitangaza madini mapya, merelaniiti, yaliyopewa jina la Mirerani, mkoani Manyara. Ni nyuzi za rangi ya kijivu iliyokolea, nyingi zisizozidi milimita moja kwa urefu, zinazoambatana na tanzanaiti na madini mengine. Mchimbaji anayetafuta kito pekee angeweza kuzifuta kwa kidole.

Aidha, migodi iliyoachwa, iwe jangwani au kwingineko, si mahali pa kuingia kwa udadisi. Magogo ya kuegemeza kuta huoza, sakafu za mbao huficha mashimo, na hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni bila dalili yoyote ya harufu.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Madini, Sura ya 123, inayaweka madini yote chini ya umiliki wa umma, na biashara yake huhitaji leseni. Kusafirisha kielelezo nje ya nchi huhitaji kibali hata kama jiwe hilo halitakatwa kuwa kito. Mchimbaji mdogo anayekutana na fuwele asiyoifahamu anaweza kufika ofisi ya Tume ya Madini iliyo karibu naye, au kuipeleka kutambuliwa katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) jijini Dodoma, kabla ya kuipeleka kwenye karasha.