Joto Halifi, Huhama: Kuchagua Kiyoyozi cha Chumba Mjini Mwanga

Mji wa Mwanga umekaa chini ya Milima ya Upare ya Kaskazini, upande wa magharibi. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo kwa upande wa mashariki, hupoa, na kumwaga mvua yake huko juu. Zinaposhuka upande wa pili huwa zimekwisha kukauka, na kwa kila mita 100 za mteremko huongezeka joto kwa nyuzi 1 hivi. Ndiyo sababu mtu atokaye Usangi asubuhi amevaa sweta hulivua afikapo Mwanga, na mchana hutafuta kivuli.

Sasa afikiriwe mtumishi aliyehamishiwa mjini hapo, akapanga chumba kimoja chini ya bati lisilo na dari. Usiku mtoto halali kwa joto. Mwenye nyumba hakubali ukuta utobolewe, kwa hiyo kiyoyozi cha ukutani hakiwezekani. Dukani anaonyeshwa mashine mbili zenye magurudumu. Moja ni ya bei kubwa na ina bomba nene la kutolea hewa dirishani. Nyingine ni ya bei ndogo na ina tangi la maji. Muuzaji huziita zote viyoyozi. Je, achukue ipi? Atakayekosea hapa atapoteza akiba ya miezi mingi, na joto litabaki palepale.

Joto huenda wapi?

Hakuna mashine itengenezayo baridi. Kiyoyozi huhamisha joto tu, kutoka mahali pamoja hadi pengine. Mhandisi Willis Carrier alipobuni mtambo wake wa kwanza mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, shabaha yake ilikuwa kudhibiti unyevu uliokuwa ukiharibu kazi ya karatasi. Lakini kanuni aliyoitumia ndiyo ya leo. Basi swali la kwanza kwa mnunuzi liwe hili: joto litolewalo chumbani litakwenda wapi, nalo litazuiwaje lisirudi?

Mashine ya bomba

Ndani ya mashine ya bomba kuna gesi inayozungushwa na kompresa. Gesi hiyo hufyonza joto la chumba upande mmoja na kulitoa upande wa pili, ambako feni hulisukuma nje kupitia bomba. Kasoro yake ni kwamba mashine yenye bomba moja hutumia hewa ya chumbani kulisukumia joto hilo nje. Hewa iliyotoka lazima ifidiwe. Nayo hewa ya jua kali huingia chini ya mlango na penye nyufa za paa.

Hesabu yake si ngumu. Mashine ikitoa nje mita za ujazo 360 kwa saa, hiyo ni mita 0.1 kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.1 hivi, na kila kilo huhitaji jouli 1,000 kupanda nyuzi 1. Ikiwa nje ni nyuzi 33 na ndani ni 25, tofauti ni nyuzi 8. Kwa hiyo joto linalorudi ni 0.1 × 1.1 × 1,000 × 8, yaani wati 880. Mashine iliyoandikwa BTU 9,000 kwa saa ina uwezo wa kilowati 2.6. Theluthi moja ya uwezo huo imekwisha kuliwa na hewa iliyoitwa na mashine yenyewe!

Kwa sababu hiyo, mashine za namna hii ziuzwazo Marekani hutakiwa kupimwa kwa utaratibu unaozingatia hasara hiyo. Penye namba mbili kwenye kibandiko, ile ndogo ndiyo ya kuaminiwa. Aidha, mashine yenye mabomba mawili, moja la kuvuta hewa ya nje na jingine la kuirudisha, ni bora kuliko ya bomba moja. Na mashine ya bomba ikiwekwa chumbani bila bomba lake kutolewa nje, chumba kitazidi kupata joto, kwa kuwa hata umeme uitumiao hugeuka kuwa joto.

Mashine ya maji

Mashine ya pili ni mtungi uliowekewa feni. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu machache hupenya kwenye udongo na kugeuka mvuke, na kila yanapogeuka huchukua joto. Kilo moja ya maji katika nyuzi 30 huhitaji jouli zipatazo 2,430,000 ili iwe mvuke. Lita 2 zikikauka kwa saa, huondoa joto la kilowati 1.35 katika hewa. Kwa saa 8 ndoo moja ya lita 20 yatosha.

Lakini mtungi haupozi maji vizuri mahali penye unyevu mwingi, na mashine hii hali kadhalika. Mwanafunzi aweza kulithibitisha hilo kwa vipimajoto viwili. Kimoja kiachwe kikavu; tumba la kingine lifungwe kitambaa kilicholowa, kisha vyote vipepewe. Mahali penye nyuzi 33 na unyevu wa asilimia 35, kile kilicholowa kitaonyesha nyuzi 22 hivi. Mashine nzuri hushusha hewa kwa robo tatu ya tofauti hiyo, yaani hadi nyuzi 25 hivi. Zile ndogo za bei rahisi hazifiki hapo. Pwani, kama Tanga, penye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, kipimajoto kilicholowa kitaonyesha nyuzi 28. Huko mashine hiyohiyo itashusha nyuzi 3 tu na kuacha mashuka yakiwa na unyevu.

Hivyo ukavu ule ule unaomwudhi mkulima wa tambarare ya Mwanga ni rasilimali kwa mwenye mashine ya maji, ila masika yanapoingia faida hupungua. Dirisha nalo liachwe wazi, kinyume cha mashine ya bomba, ili mvuke upate pa kutokea.

Hesabu ya umeme na maji

Mashine ya bomba yenye kutumia kilowati 1, ikifanya kazi mfululizo kwa saa 8, humaliza uniti 8 kila usiku. Bei nafuu ya umeme kwa mteja mdogo wa nyumbani imewekewa mpaka wa uniti 75 kwa mwezi. Kwa mashine hii mpaka huo utavukwa siku ya 10, kabla ya kuhesabu taa na redio. Mashine ya maji yenye wati 120 hutumia chini ya uniti 1 kwa muda huohuo.

Gharama ya pili ni maji, nayo Mwanga si ya kupuuzwa. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochota katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya wananchi kungoja kwa miaka mingi. Penye bomba la uhakika, ndoo moja kwa usiku si mzigo. Panaponunuliwa maji kwa madumu, iingizwe katika hesabu.

Kabla ya kufungua pochi

Mwanga uko karibu nyuzi 3.7 kusini mwa Ikweta, na mwezi Machi na Oktoba jua la adhuhuri husimama wima juu ya paa. Kila mita ya mraba hupokea hadi wati 1,000 hivi. Paa la mita 12 za mraba hupokea kilowati 12. Hata ikipenya sehemu moja tu katika kumi, hiyo ni kilowati 1.2, karibu nusu ya uwezo wa mashine ya BTU 9,000. Dari, rangi nyeupe juu ya bati, na kivuli upande wa magharibi huzuia joto hilo bila kudai uniti hata moja.

Basi mtumishi yule aanze na dari, kwa kuafikiana na mwenye nyumba, kisha apime chumba chake kwa vipimajoto viwili. Tofauti ikizidi nyuzi 8 katika miezi ya joto, mashine ya maji itamfaa. Ikiwa ndogo, au ikiwa kuna mgonjwa asiyeweza kungoja kiangazi, achague mashine ya mabomba mawili na kuziba nyufa zote. Vipimajoto hivyo vimo katika maabara nyingi za shule. Mwalimu akivitoa siku moja mchana, darasa zima litapata jibu ambalo huenda dukani lisipatikane.