Kesi ya Mkanda wa Dhahabu

Katika kitambaa cha Bayeux, kitambaa cha karibu meta 70 kilichotariziwa habari za vita vya Hastings vya mwaka 1066, yupo William, mtawala wa Normandy aliyeivamia Uingereza, akiinua kofia yake ya chuma ili askari wake wauone uso wake. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba ameuawa. Ngao ziko tele kitambaani humo, nyingine zina misalaba, nyingine majoka, lakini hazikumtambulisha mtu. Aliyeshika ngao hii hapa, ukimkuta mbele kidogo ameshika nyingine.

Miaka mia moja baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Geoffrey, mtawala wa Anjou huko Ufaransa, alifariki mwaka 1151, na bamba la shaba lenye nakshi za rangi lililotengenezwa kwa kumbukumbu yake linamwonyesha na ngao ya buluu iliyojaa simba wa dhahabu. Bamba hilo lipo hadi leo mjini Le Mans. Mwanawe, Henry wa Pili, akawa mfalme wa Uingereza. Mjukuu wa Geoffrey, William Longespée, Earl wa Salisbury, alizikwa mwaka 1226 katika kanisa kuu la Salisbury, na sanamu iliyolala juu ya kaburi lake ina ngao yenye simba sita. Rangi za nembo yake zilikuwa zilezile za babu, dhahabu juu ya buluu. Longespée alizaliwa nje ya ndoa. Kiti cha enzi hakukirithi, ila simba wa babu aliwachukua. Picha kwenye ngao zilikuwapo tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni kuzirithi.

Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba nembo zilibuniwa kwa sababu uso wa naiti, yaani yule mpiganaji wa farasi wa tabaka la juu, ulifichwa na kofia ya chuma. Siyakubali maelezo hayo yakiachwa peke yake. Kofia zilizofunika uso mzima zilienea kuelekea mwaka 1200 na baada yake, ilhali nembo za kurithi zilikwisha kuonekana miongo kadhaa kabla. Tena katika tope la vita, ngao iliyopasuliwa kwa shoka haimtambulishi mwenyewe. Nadhani tungeanzia mezani, kwenye hati za mashamba. Bwana wa Zama za Kati hakutia sahihi kwa kalamu. Alining'iniza muhuri wa nta, na ndani ya muhuri alichongwa juu ya farasi, ngao mkononi. Mwanawe aliporithi mashamba alihitaji muhuri ambao wapangaji, majirani na makarani wangeuamini, hata wale wasiojua kusoma. Akaichukua picha ya baba. Nembo ikawa kwa ukoo kama chapa ya ng'ombe kwa wafugaji: inasema hiki ni cha nani, na ni nani atakayekidai kesho. Yale mashindano ya mapigano ya farasi yaliyopendwa mno wakati huo, ambako sifa ya mtu ilijengwa mbele ya watazamaji, yaliongezea nembo fahari.

Wafalme nao waliifuata njia hiyo. Muhuri mkuu wa pili wa Richard wa Kwanza, wa mwaka 1198, una simba watatu wanaotembea, nyuso zimegeuzwa kututazama. Ndio simba watatu ambao wachezaji wa timu ya taifa ya England huwavaa kifuani.

Kanuni za kuchora zilikuwa chache na kali. Dhahabu na fedha ziliitwa metali, na mchoraji aliweza kutumia manjano na nyeupe badala yake. Kisha kulikuwa na rangi: nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na, kwa nadra, zambarau. Metali haiwekwi juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Kanuni hii ina akili sana, kwa kuwa buluu juu ya nyeusi hupotea ukisogea hatua chache, lakini dhahabu juu ya buluu huonekana ng'ambo ya uwanja. Ndiyo maana nembo kongwe ni nyepesi mno kuzisoma. Ukoo wa de Clare ulikuwa na alama tatu nyekundu za umbo la V iliyopinduliwa, juu ya dhahabu. Ukoo wa Warenne ulikuwa na miraba ya dhahabu na buluu, basi. Wengine waliweka majina yao wazi kwenye picha: Sir Roger de Trumpington, aliyezikwa karibu na Cambridge, ana tarumbeta kwenye ngao iliyochorwa katika bamba la kaburi lake. Na kila nembo iliweza kuelezwa kwa maneno machache ya Kifaransa, lugha ya mabwana wa Uingereza wa wakati huo, hata mchoraji asiyewahi kuiona akaichora bila kukosea.

Waliozitunza habari hizi kichwani na vitabuni ni wapiga mbiu, watumishi wa wafalme na mabwana waliotangaza mashindano, kupeleka ujumbe na kutambua maiti vitani. Orodha za nembo za karne ya 13 zimetufikia. Orodha ya Dering, ya kati ya 1270 na 1280 hivi, ina ngao 324, nyingi za manaiti wa Kent na Sussex. Mwaka 1300 Edward wa Kwanza alipoizingira ngome ya Caerlaverock huko Uskoti, mtunzi mmoja aliyapanga kwa mashairi majina na nembo za mabwana na manaiti zaidi ya 100. Mwana wa mfalme, kijana wa miaka 16, yumo na simba wa baba yake, ila juu yao umeongezwa utepe wa buluu wenye vipande vinavyoning'inia, alama ya mrithi ambaye baba yake yu hai. Yumo pia Brian FitzAlan, na mtunzi anaeleza kwamba bendera yake ilizua ugomvi, kwa sababu Hugh Poyntz alibeba ileile bila tofauti yoyote.

Ugomvi mkubwa kuliko wote ulizuka miaka 85 baadaye, tena katika safari nyingine ya vita kwenda Uskoti, chini ya Richard wa Pili. Sir Richard Scrope wa Bolton, mzee aliyepigana miaka mingi na aliyewahi kuwa Chansela wa ufalme, alimkuta Sir Robert Grosvenor, naiti wa Cheshire, amebeba nembo yake: mkanda mmoja wa dhahabu uliopita mshazari juu ya uwanja wa buluu. Hakuna simba hapo wala joka. Ni mstari tu. Scrope alimshtaki katika mahakama ya kijeshi iliyoongozwa na Konstebo Mkuu wa Uingereza.

Mashahidi mamia waliitwa. Alikuja John wa Gaunt, baba mdogo wa mfalme. Alikuja Owain Glyndŵr wa Wales, kabla ya uasi uliomfanya maarufu. Maabati walieleza vioo vya madirisha ya makanisa yao, makaburi na mihuri ya zamani, kuthibitisha kwamba mkanda ule ulikuwapo hapo tangu enzi za mababu. Tarehe 15 Oktoba 1386 alisimama Geoffrey Chaucer, mshairi, akasema ana umri wa miaka arobaini na zaidi na amebeba silaha miaka 27. Alikuwa amemwona Scrope na nembo hiyo vitani Ufaransa, kabla yeye mwenyewe hajatekwa. Kisha akasimulia kwamba siku moja, akipita mtaa wa Friday jijini London, aliona nembo hiyo imetundikwa nje ya nyumba ya wageni. Akauliza ni nyumba gani hiyo iliyotundika nembo ya akina Scrope. Akajibiwa kwamba ni ya Sir Robert Grosvenor, jina ambalo hakuwahi kulisikia likihusishwa na nembo ile. Ushahidi huo naupenda kuliko yote, maana unaonyesha nembo ikifanya kazi yake ya kila siku: mpita njia anainua macho, anadhani amekwisha jua nani yumo ndani.

Mwaka 1389 Konstebo aliamua kwamba nembo ni ya Scrope, lakini akamruhusu Grosvenor kuibeba akiizungushia pindo la fedha. Wote wawili hawakuridhika, shauri likaenda kwa mfalme. Mei 1390 Richard aliamua kwamba pindo linatosha kutofautisha ndugu wa damu moja, ila halimtoshi mtu wa nje. Grosvenor akapoteza yote. Alichukua nembo mpya, mganda wa ngano wa dhahabu juu ya buluu, na wazao wake, ambao leo ni Madyuki wa Westminster, wanaubeba mganda huo mpaka sasa. Kidonda lakini hakikusahaulika. Farasi wa Duke wa kwanza aliyeshinda mbio za Derby mwaka 1880 aliitwa Bend Or, jina ambalo katika Kifaransa cha wapiga mbiu lina maana ya mkanda wa dhahabu.

Hukumu ile iliweka bayana kwamba nembo ni mali, na mali ina mwenyewe. Mwaka 1484 Richard wa Tatu aliwapa wapiga mbiu wa kifalme hati ya kuwa chombo kimoja, nacho, College of Arms, kiko London hadi leo kikitoa nembo na kutunza kumbukumbu zake. Hata ngao za taifa za Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na yote yaliyo ya kwetu ndani yake, zimepangwa kwa mtindo huo: ngao katikati, walinzi wawili pembeni, wito kwenye utepe chini.

Ukifika Uingereza utakuta maduka ya watalii yanayouza vikombe na vitambaa vyenye nembo ya kila jina la ukoo. Usiyaamini. Katika Uingereza hakujawahi kuwa na nembo ya jina; nembo ni ya mtu aliyepewa au aliyeithibitisha, na ya wazao wake halali, na watu elfu wenye jina Scrope hawaupati mkanda wa dhahabu kwa kuitwa Scrope tu. Fedha yako itunze kwa nauli ya kwenda Salisbury kumwona Longespée, au Canterbury, kwenye kaburi la baba wa Richard wa Pili, aliyeitwa Mwanamfalme Mweusi na kufa mwaka 1376. Ngao zimepangwa kuzunguka kaburi hilo, na baada ya kusoma haya utaweza kuzisoma mwenyewe.