Msumbiji: Bunduki Zilizogeuzwa Viti

Katika safu hii ya nchi jirani tumezoea kuwaletea habari za migomo, mishahara na mikataba ya kazi. Safari hii tunawaletea habari za viti. Huenda mwenzetu mmoja akauliza viti vina nini hata viandikwe katika jarida la wafanyakazi. Tunamwomba avumilie kidogo, kwa maana viti hivi vimetengenezwa na mafundi wa chuma kwa silaha zilizoua watu, na leo vinauzwa kwa fedha nyingi mbali sana na mahali vilipochomelewa.

Kinachojulikana zaidi kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Kilitengenezwa Maputo mwaka 2001 na Cristóvão Canhavato, ambaye wengi humwita Kester, na jumba hilo likakinunua mwaka uliofuata. Ni kiti cha mikono kama kile cha mzee wa nyumba, ila kimeundwa kwa vipande vya silaha. Juu ya mgongo wake vimesimama vitako viwili vya bunduki za G3 zilizotumiwa na jeshi la Wareno. Ukivitazama vizuri utaona kama nyuso mbili zinazotabasamu, maana matundu ya skrubu yamekuwa macho na ufa wa kupitishia mkanda umekuwa mdomo. Kwingine ni mitutu na magazini za bunduki za jamii ya AK-47, ile ambayo askari wetu huiita SMG. Vipande hivyo vilitoka Umoja wa Kisovyeti, Poland, Czechoslovakia na Korea ya Kaskazini. Hakuna kilichotengenezwa Msumbiji, wala mahali pengine popote katika Afrika. Waafrika tulichochangia katika silaha zile ni miili ya kupigwa risasi, na baadaye mikono ya kuzikata.

Historia yenyewe wasomaji wetu wakubwa wanaikumbuka. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake wakafunzwa katika ardhi yetu, na Msumbiji ikajitawala tarehe 25 Juni 1975. Furaha haikudumu. Mwaka 1977 vita vingine vilianza, safari hii dhidi ya RENAMO, kundi lililoundwa kwa mkono wa utawala wa walowezi wa Rhodesia na kisha kulelewa na makaburu wa Afrika Kusini. Watu wapatao milioni moja walikufa kabla ya mapatano kutiwa sahihi mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992.

Sahihi ilipokauka, bunduki zilibaki. Zilifukiwa mashambani, zilifichwa darini na chini ya vitanda. Mwaka 1995 Baraza la Wakristo la Msumbiji, likiongozwa katika jambo hili na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianzisha mpango wa kubadili silaha kuwa majembe. Aliyeleta bunduki hakuulizwa aliipata wapi wala aliitumia kwa nani. Alipewa kitu cha kumpatia riziki: jembe, cherehani, baiskeli au vifaa vya ujenzi. Kuna kijiji kilichokusanya silaha zake kikapewa trekta. Askofu huyo alikuwa akiwaambia watu kwamba kulala na bunduki chumbani ni sawa na kulala na nyoka, ipo siku atakugeukia. Tunaona jambo la kupendeza hapa: bendera ya Msumbiji ya mwaka 1983 ina jembe na bunduki vilivyopishana juu ya kitabu, na mpango huu ukawa unamwambia raia achague kimojawapo.

Silaha zilizokusanywa zilikatwa vipande ili zisiweze kulia tena, na vipande vingine vikapelekwa kwa wasanii wa Núcleo de Arte, chama cha wasanii cha zamani mjini Maputo. Hapo ndipo vilipoanza kutokea viti, ndege, wanyama na wapiga ngoma wa chuma. Mwaka 2004 wasanii wanne, Kester akiwa mmoja wao, walijenga mti mzima wa silaha wenye uzito wa karibu nusu tani, ambao nao ulipelekwa London.

Wanachama wetu wa karakana wataelewa kazi hii bila kuelezwa sana. Chuma cha bunduki ni kigumu, hakipindiki ovyo. Kila kipande kina umbo lake, na fundi hawezi kukilazimisha kuwa mguu wa kiti kama hakitaki, bali anakigeuza na kukigeuza mpaka apate mahali kinapokaa. Kisha inakuja mashine ya kuchomelea. Rangi ya zamani na madini yaliyopakwa juu ya chuma vikiungua hutoa moshi unaodhuru mapafu, na cheche hazibagui jicho la msanii na jicho la kibarua. Watu wanaosifu viti hivi kwa maneno matamu ni nadra kutaja miwani, glavu na hewa safi. Sisi tunavitaja.

Kati ya walioanza wakati ule, aliyefika mbali kwa viti ni Gonçalo Mabunda, aliyezaliwa Maputo mwaka 1975, mwaka ule ule wa uhuru. Alijiunga na kazi hiyo katika miaka ya tisini. Viti vyake huviita viti vya enzi: migongo mirefu ya mikanda ya risasi na mitutu, mikono ya maganda ya makombora, miguu isiyofanana. Mtu akiketi hapo hatapata raha, na tunadhani ndiyo maana yake, kwamba wengi walioutaka ukubwa katika bara letu waliukalia juu ya silaha. Ametengeneza pia vinyago vya uso, na hata mnara wa Eiffel. Kazi zake zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia, mwaka 2015, na mwaka 2019 alirudi huko katika banda la Msumbiji.

Lakini mali ghafi hiyo haijakwisha kama tulivyotumaini. Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia Mocímboa da Praia katika jimbo la Cabo Delgado, na moto ukasambaa. Oktoba 2020 ulivuka Ruvuma ukafika Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 2021 ukaukumba mji wa Palma, na wakimbizi wakaja mpakani kwetu wakiwa na watoto migongoni. Bunduki zile nazo hazikutengenezwa Msumbiji.

Sasa turudi kwenye fedha. Kiti cha namna hii hununuliwa katika maduka ya sanaa ya Ulaya kwa maelfu ya dola. Tajiri anakiweka sebuleni, hakikalii, anangoja jina la fundi likue, kisha anakiuza kwa mwenzake kwa bei ya juu zaidi. Aliyeleta bunduki alipata jembe lake, na fundi alilipwa mara ya kwanza. Mauzo ya pili na ya tatu yanapita juu ya vichwa vyao. Hadithi hii si ngeni kwetu. Wamakonde waliovuka kutoka nyanda za Mueda kuja kufanya kazi ya umanamba katika mashamba ya mkonge walichonga mpingo, na tangu miaka ya hamsini wafanyabiashara wa Dar es Salaam walinunua vinyago vyao na kuvipeleka kwa wageni. Vingine leo vimo ndani ya vioo huko Ulaya, na bei yake ya sasa haina uhusiano wowote na ile aliyopewa mchongaji.

Ipo dawa, ingawa si kamili. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1920 kwamba kazi ya sanaa inapouzwa tena, msanii apate sehemu ya bei. Uingereza ilifuata mwaka 2006. Huko sehemu hiyo huanzia asilimia 4 na hupungua kadiri bei inavyopanda. Majirani zetu wa Kenya waliiingiza katika sheria yao ya hakimiliki mwaka 2019, kwa kiwango cha asilimia 5. Tatizo ni kwamba nchi nyingi humlipa msanii wa kigeni endapo tu nchi yake nayo ina sheria kama hiyo. Kwa hiyo asiye na sheria kwao hukosa hata kule ambako fedha zimekwisha kutengwa. Hili ni suala la kujadiliwa na vyama vya wafanyakazi vya pande zote mbili za Ruvuma, wala lisiachiwe wasanii peke yao.

Wakati hayo yanasubiri, tunawashauri wachongaji wa Mwenge, wachomeleaji na wafinyanzi wanaouza kwa wageni: weka alama yako juu ya kazi mahali isipofutika, ipige picha kabla haijaondoka, na andika stakabadhi mbili zenye tarehe, bei na jina la mnunuzi. Moja mpe yeye, ya pili ifungie sandukuni.