Herufi moja ya mwalimu yaweza kumliza mtoto

Je, msomaji, umewahi kuletewa barua na mwanao kutoka shuleni ukaisoma mara tatu bila kujua unatakiwa kufanya nini?

Kama una mtoto katika shule ya msingi, hapana shaka umewahi. Labda uliambiwa kila mwanafunzi aje na "karamu mbili" ukabaki kujiuliza ni sherehe gani hiyo, kumbe mwalimu alitaka kalamu. Au mlialikwa Jumamosi kwa "kula ya kamati", wengine wakaenda na njaa zao, kumbe ni kura ya kuwachagua wawakilishi wa wazazi.

Makosa kama haya huchekesha, na wengi wetu huishia hapo hapo kwenye kicheko. Lakini yapo yasiyochekesha hata kidogo.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, aliletewa barua na kijana wake aliye gredi ya tano. Ilikuwa fupi: mtoto wenu anahitaji adhabu, tafadhali mshirikiane na shule. Baba aliporudi kutoka kazini jioni aliisoma, akavua mshipi. Hakuuliza swali. Kijana alilala akilia, na asubuhi akakataa katakata kwenda shuleni.

Mama alipomwendea mwalimu wa darasa, mwalimu mwenyewe alishika kichwa. Alikusudia kuandika "adabu". Kosa la kijana lilikuwa kuropoka majibu kabla ya kuinua mkono, na mwalimu alitaka tu wazazi wazungumze naye.

Hebu fikiria, msomaji. Kati ya adabu na adhabu pana herufi moja tu, na herufi hiyo ililipiwa na mgongo wa mtoto. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001, na Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya kupigwa. Hapa viboko viliingia nyumbani kwa njia ya barua.

Baba naye ana lake la kujibu. Hata kama neno lingekuwa "adhabu" kweli, alipaswa kwanza kuuliza kosa ni lipi.

Kabla hujawaita walimu wajinga, tazama makosa haya yanatoka wapi. Wengi wetu tulijifunza Kiswahili juu ya lugha ya mama. Kikuyu hakitenganishi sauti za l na r, na Kijaluo hakina sh. Sauti ya dh nayo huwasumbua watu wa makabila mengi: huyu huandika d, yule z, mwingine th. Mkono huandika kile ambacho sikio limezoea.

Isitoshe, kazi kubwa ya mwalimu hufanywa kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Hata hivyo, katika madarasa ya juu karibu masomo mengine yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa hisabati huenda hajaandika ukurasa mzima wa Kiswahili tangu alipofanya mtihani wa kidato cha nne.

Mwalimu huyo ndiye anayepewa tangazo la Kiingereza wakati wa mapumziko na kuambiwa alitafsiri upesi, huku madaftari ya darasa zima yakimngoja. Hapo ndipo saa mbili asubuhi hugeuka kuwa "saa nane", kwa sababu saa ya Kiingereza inasema nane. Namjua mama muuza mboga aliyefunga kibanda chake mchana ili awahi mkutano wa saa nane, akakuta viti vimekwisha kupangwa ukutani na mlinzi anafagia.

Simu nazo zimeongeza chumvi. Siku hizi barua nyingi huja kama ujumbe mfupi, na simu iliyopangwa kwa Kiingereza hubadilisha maneno ya Kiswahili bila kumwomba mwandishi ruhusa.

Lakini kumbuka kwamba tarishi wa barua ya karatasi ni mtoto, na mara nyingi yeye ndiye msomaji wa kwanza. Darasani amefundishwa kusema "kitabu chake". Njiani anafungua barua yenye mhuri wa shule na kukuta "kitabu yake". Amwamini nani? Na mtoto huyo huyo akikosea hijai au ngeli katika insha, atakatwa alama.

Basi ufanye nini, mzazi?

Kwanza, isome barua mara mbili. Ikitaja pesa, tarehe, saa au nidhamu, usichukue hatua yoyote kabla ya kuhakikisha. Piga simu au nenda mwenyewe. Kuuliza si ujinga.

Pili, usimcheke mwalimu mbele ya mwanao. Ukimdharau mwalimu leo jioni, kesho asubuhi utamtumaje mtoto akamsikilize? Mwonyeshe neno sahihi kwa upole, umwambie kila mtu huteleza. Mkiwa na kamusi nyumbani, litafuteni pamoja.

Tatu, mnapokutana wazazi na walimu, pendekezeni kila barua ya Kiswahili ipitiwe na mwalimu wa Kiswahili kabla ya kupigwa chapa. Ni kazi ya dakika tano na haina gharama. Mwambieni mwalimu mkuu faraghani, si kwa kelele za mkutano, maana aliyeaibishwa hadharani husikia aibu tu, hasikii ushauri.

Nne, tujitazame sisi wenyewe. Nyani haoni kundule. Vipo vikaratasi tunavyowapelekea walimu, nusu Sheng, nusu Kiingereza, havina tarehe wala jina la mtoto. Mwalimu naye hukaa akibahatisha kama mtoto ni mgonjwa au amesafiri.

Kijana wa jirani yangu alirudi shuleni siku ya tatu, akishikwa mkono na baba yake. Mwalimu alimwomba msamaha mbele ya mzazi wake. Baba hakuomba pale shuleni. Mama anasema alimwomba kijana jioni, wakiwa wawili, mlango umefungwa.

Kwa hiyo, msomaji, mwanao akikuletea barua kesho, keti kwanza. Kisha mwite mtoto, muisome pamoja.